Mtambaapanya wa Fundi Kasmiri

Mtu aliyekutana na fundi Kasmiri kwa mara ya kwanza katika mwaka ule wa 1956 hakuuona uso wake kwanza; aliuona mkono wake wa kulia. Akibisha hodi na kukaribishwa, Kasmiri hakusalimu mara moja. Alisimama kizingitini, akaunyosha mkono hadi pale ukuta unapokutana na paa, kisha akasukuma kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejaribu kifuniko cha sanduku. Alipoona hakuna kilichoinuka, ndipo aliposhusha mkono na kuwaamkia wenye nyumba. Alifanya hivyo msibani na dukani. Siku moja alifanya hivyo hata katika sakristia ya kanisa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipaua miaka kumi na miwili nyuma.

Wageni walidhani ni tabia ya mafundi. Watu wa Ifakara hawakudhani kitu. Walijua kwamba chanzo cha ugonjwa ule ni Novemba iliyopita, siku basi la Bwana Haidari lilipong'oka paa. Walichokuwa hawakijua ni kwa nini alisukuma kwenda juu.

Kasmiri alizaliwa Mofu, ukingoni mwa mto, na baba yake alikuwa mchonga mitumbwi. Mtoto hakuupenda mtumbwi. Alisema ni chombo kisicho na pembe, mtu hajui kaanzia wapi. Misheni ilipotaka vijana wa kujifunza useremala alikuwa wa kwanza kujitokeza, na alipotoka huko na msumeno wake, randa na timazi, alikwenda kuezeka nyumba za watu kuanzia Ifakara hadi Kiberege. Kazi yake ilikuwa haitetereki. Aliyekuwa na nyumba iliyopauliwa na Kasmiri alilala masika mazima bila kuhamisha kitanda.

Siri ya kazi yake, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ilikuwa mtambaapanya. Vijana wa leo waliosoma chini ya bati na dari huenda hawalijui neno hili, basi ni vema kulieleza. Mtambaapanya ni ule mti mrefu unaolazwa juu ya ukuta, au juu ya vichwa vya nguzo, kutoka pembe hadi pembe. Makombamoyo hukaa juu yake, nyasi au bati hukaa juu ya makombamoyo, na hivyo paa lote huwa mgongoni mwake. Kwa panya ndiyo njia kuu, nalo jina limetoka huko. Lakini si panya tu waliokuwa na haja nao. Katika nyumba za bondeni mtu huchomeka hapo mundu, wembe, barua, mbegu za maboga zilizofungwa katika jani. Ukimuuliza mama yeyote kitu fulani kiko wapi, hujibu bila kugeuka: "Tazama kwenye mtambaapanya."

Kasmiri hakupiga msumari katika mtambaapanya, wala hakuufunga kwa kamba. Alichonga ulimi kwenye kichwa cha kila nguzo, akatoboa tundu mahali pake chini ya mti, kisha akaulaza taratibu hadi ulimi ukaingia tunduni pote. Akamaliza. Wanafunzi wake walipouliza kama hautafungwa, aliwacheka.

"Msumari hula mti," alisema. "Uzito ndio kamba yake. Paa likikaa juu yake, nani atauondoa?"

Na kweli, katika nyumba zote alizojenga, hakutokea wa kuuondoa.

Mwaka 1955 Bwana Haidari, mwenye duka kubwa karibu na soko, aliagiza lori lililokuja likiwa uchi: injini, magurudumu na chasisi, na kiti kimoja cha dereva juu yake kama kigoda cha mfalme aliyepinduliwa. Bodi za kuvalishwa chasisi zilitengenezwa mbali, kwa kungoja kwingi. Haidari akamwita Kasmiri.

"Fundi, nataka nyumba juu ya magurudumu haya. Watu wakae ndani, mpunga ukae juu."

Kasmiri alilizunguka lori mara tatu. Alitafuta mvule chini ya milima, karibu na Sanje, akaukausha, akaupasua. Alisimamisha nguzo kumi, tano kila upande, akaanza kulaza mitambaapanya miwili, kila mmoja mti mmoja usio na kiungo kutoka mbele hadi nyuma. Siku hiyo binti yake wa pekee, Aurelia, alimletea chai. Aurelia alikuwa amekulia katika maranda ya baba yake. Utotoni alimshikia ncha ya kamba ya kupimia, na alijua kazi kuliko wanafunzi. Alitazama ulimi ukizama tunduni, akasubiri. Baba yake akaifuata nguzo ya pili.

"Baba, huu hutaufunga?"

"Tangu lini nikafunga?"

"Nyumba haiendi Kilosa, baba."

Kasmiri alicheka hadi chai ikamwagika. "Uzito, Aurelia! Gunia arobaini za mpunga juu yake! Utainua wewe?"

Aurelia naye alicheka, kwa sababu baba yake alikuwa amecheka.

Basi lile lilikuwa fahari ya bonde. Lilipakwa rangi ya kijani, na siku ya kwanza wanawake walilipigia vigelegele kama bibi harusi. Abiria waliingia ndani, wakatazama juu, wakaona kitu wanachokijua. Hakuna aliyefundishwa, lakini kabla gari halijafika Kiberege mtambaapanya ulikuwa umeshachomekwa ugoro, vijiti vya kusugulia meno na tasbihi ya mtu. Dereva Makame, kijana mrefu mwenye maneno mengi, alikuwa akikaribia korongo hupaza sauti: "Shikeni mtambaapanya!" Na abiria wote wakainua mikono pamoja kama watu walioitwa kuapa.

Kwa miezi minne lilikwenda na kurudi. Aurelia aliolewa Sanje na mkulima mmoja, Tadei, na ni basi hilo hilo lililompeleka na vyombo vyake.

Novemba mvua za kwanza zilinyesha milimani. Basi lilikuwa likirudi kutoka Kilosa, mpunga umeshashushwa, na juu ya paa palikuwa na matenga mawili matupu ya kuku na baiskeli moja tu. Aurelia alipanda Sanje. Alikuwa anakuja kumwona mama yake, Apolonia, na kumwambia kwa mdomo habari ambazo msichana hazitumi kwa barua. Alikaa upande wa kushoto, dirisha la tatu. Walipopita Mang'ula gari lilitumbukia katika korongo lililochimbwa na maji ya usiku, likaruka, na paa likaruka pia. Gari lilirudi chini kwanza. Paa liliporudi, matundu hayakuzikuta ndimi zake. Mtambaapanya wa kushoto uliteleza ndani, ukaangukia mapaja ya waliokaa hapo.

Hakufa mtu. Watu walilirudia jambo hilo mara nyingi, kama sala. Lakini Aurelia alivunjika paja, na habari aliyokuwa akimletea mama yake ilitoka na damu kabla hawajafika hospitali ya misheni.

Gari lilikokotwa hadi nyuma ya duka la Haidari. Kasmiri alikuja kutoka hospitalini, akaupapasa mti kutoka ncha hadi ncha. Alitafuta ufa, hakuupata. Alizitazama ndimi juu ya nguzo: nzima, kali, safi kama siku alipozichonga. Hapo ndipo alipoelewa. Kitu kilichovunjika huacha jeraha. Huu haukuvunjika, ulinyanyuka tu. Gunia arobaini zingeushikilia. Siku uliyokuwa hauna mzigo hakukuwa na kamba.

Umati ulikuwa umejaa. Haidari alisimama mbele yake.

"Fundi, sema mbele ya watu. Kimevunjika nini?"

Kasmiri aliuelekeza mkono kwenye mti. "Hakijavunjika kitu, Bwana Haidari. Mtambaapanya wangu ni mzima. Pitisha mkono wewe mwenyewe."

Haidari akapitisha mkono. Ulikuwa mzima kweli.

"Basi ni dereva!" mtu akasema nyuma.

"Mimi?" Makame alipiga hatua mbele, kanzu yake ina damu ya watu aliowabeba. "Wallahi nilikuwa nakwenda mwendo wa bibi harusi! Fundi, waambie. Wewe unajua mbao."

Fundi Kasmiri alitazama chini, kwenye maranda ya zamani yaliyokuwa bado yamezagaa kutoka siku za ujenzi. Makame aliachishwa kazi jioni ile.

Wodini, Aurelia alikuwa amelazwa mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba. Mama yake alikuwa ametoka kuchota maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Upo." Alimtazama kwa muda mrefu. "Baba, kilichoachia ni nini?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua jibu. Alikuwa anamfungulia mlango. Kasmiri aliuona umefunguliwa, na hakuingia.

"Barabara, mwanangu. Lile korongo."

Aurelia aligeuza macho yake darini. "Umewahi kuona barabara ikiwaangukia watu kutoka juu?"

Hakuuliza tena. Alipotolewa plasta mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Lori la misheni lilikuwa linakwenda Kidatu kupitia Sanje, akaomba apandishwe nyuma, juu ya magunia ya chumvi, mahali ambapo juu ya kichwa hapana kitu ila mbingu. Apolonia alilia akimshika mkono. Baba yake alisimama kando, kofia mkononi.

"Nitarudi nyumbani kwako, baba," Aurelia alisema kutoka juu, "siku utakaponijibu."

Lori likaondoka.

Kuanzia siku hiyo Kasmiri hakushika randa. Patasi zilishika kutu katika mtambaapanya wa nyumba yake mwenyewe, zilikochomekwa. Watu walikuja na kazi. Akawaambia macho yamepungua nuru. Masika yakaja, mto ukapanda mashambani, na siku nzima alikaa kibarazani akiyatazama maji. Aliwaza habari za nyumba zote alizojenga, akazihesabu, na kila moja ikamwinukia akilini, paa likielea polepole kama mfuniko wa chungu kinachochemka. Ndipo alipoanza kwenda katika nyumba za watu na kusukuma.

Apolonia alivumilia mpaka Pasaka.

"Mume wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe umekwisha kuumbuka, kifo tu ndicho hakijafika."

"Nani aliyekuambia nina maradhi?"

"Mkono wako. Unawaambia watu wote."

Kulikuwa na siku ambazo Kasmiri alifika hadi njia panda ya barabara ya Sanje, akasimama, akarudi. Angekwenda kumwambia nini? Kwamba alijua? Binti alikwisha kujua kwamba baba yake anajua. Kwamba Makame alikuwa anavuta kamba ya kivuko kwenye mto Kilombero, na mkewe amejifungua bila kanga ya kumfunikia mtoto, kwa ajili ya neno moja lililokuwa kweli tupu na uongo mtupu? Kila akilipima, deni lilizidi kuwa refu kuliko mti.

Mwezi wa Juni maji yalipokauka Haidari alikuja mwenyewe kibarazani.

"Fundi, mpunga umejaa ghalani na gari langu linatagiwa na kuku. Watengeneza bodi wa mbali wanasema ningoje mwakani. Nijengee tena."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Kasmiri alitazama mikono yake. Labda ulikuwa uchovu tu, si ushujaa. Mtu akibeba kitu muda mrefu mno, vidole hufunguka vyenyewe.

"Bwana Haidari, mtambaapanya ule haukuvunjika; uliachia kwa sababu haukufungwa. Niliulaza kama wa nyumba. Gari likiwa na mzigo, unakaa. Likiwa tupu na likaruka, unaruka nalo. Makame hakukosa kitu."

Haidari alisogea karibu. "Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

"Tangu lini unajua hivyo?"

"Tangu siku ile. Ulipopitisha mkono."

"Miezi saba, Kasmiri!" Sauti ya Haidari ilipasuka. "Mimi na kuswali kwangu nimemfukuza mtu asiye na kosa kwa neno lako! Kwa nini hukusema?"

"Binti yangu alikuwa amelala pale, Bwana Haidari. Ningesema ni mimi, ningekuwa nimemvunja mimi."

"Na usiposema, nani aliyemvunja?"

Haidari aliinuka, akatembea hadi mwisho wa uwanja, akarudi. "Bodi utaijenga. Sina mwingine. Lakini Makame utamwambia mwenyewe. Mimi sitakuwa mdomo wako."

Kivukoni palikuwa na watu wengi asubuhi hiyo, wanawake na vikapu vya samaki, wazee waliokuwa wanakwenda Mahenge. Makame alikuwa ameshika kamba. Alimwona fundi, akatema mate majini.

"Karibu, fundi. Umekuja kukagua kivuko? Sukuma juu, uone kama mbingu imekazwa."

Watu walicheka. Kasmiri alimwambia yote, kwa sauti ndogo.

"Sisikii," Makame alisema. "Mto una kelele. Nilikuwa nakwenda mwendo gani siku ile?"

"Wa bibi harusi."

"Waambie hawa. Walikuwepo siku nilipofukuzwa, nusu yao."

Kasmiri aligeuka, akavua kofia, akawaambia. Hakuna aliyecheka tena. Bibi mmoja mwenye kikapu alisema, "Haya, baba, yamekwisha," na ilionekana wazi kwamba hayajakwisha.

Makame aliikabidhi kamba kwa mwenzake. "Nitaendesha," alisema. "Lakini siku ya kulijaribu, likiwa tupu, utakaa dirisha la tatu kushoto. Mimi nitakutafutia korongo."

Kasmiri alijenga kwa wiki sita. Hakuimba kama zamani. Alikwenda kwanza Mofu, akakaa siku mbili akitazama mitumbwi ambayo baba yake aliichonga, vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kitu kisichotulia, ambavyo aliwahi kuvidharau kwa kukosa pembe. Aliporudi alimtafuta mhunzi, wakakata vyuma kutoka lori lililokufa. Kila nguzo ilipata ukanda wa chuma uliopita juu ya mtambaapanya na kushuka pande zote mbili hadi kwenye chasisi, na bolti nne. Katika kila pembe alitia kipande cha mti kilichojipinda kwa asili kama goti. Mti wenyewe ulikuwa ule ule. Haidari alitaka mwingine; Kasmiri alikataa.

Siku ya kujaribu walikwenda wawili tu hadi ng'ambo ya Mang'ula. Kasmiri alikaa dirisha la tatu, mikono magotini. Makame hakupaza sauti ya kuonya. Alilitafuta korongo lenyewe, akalipitia mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa mwendo usiokuwa wa bibi harusi hata kidogo. Kasmiri alirushwa hadi kichwa chake kikaugonga mtambaapanya. Mtambaapanya haukusogea.

Makame alisimamisha gari, akatoka, akaja dirishani. Alimkuta fundi analia.

"Umekaza, fundi. Unalia nini?"

"Bolti nne," Kasmiri alisema. "Bolti nne tu, Makame. Zilikuwepo siku zote." Damu ilikuwa ikimtoka kwenye paji la uso naye hakuifuta. Moyoni alikuwa ametamani uanguke. Ungeanguka, angalau kingekuwapo kitu kimoja kilicho sawasawa kati yake na Aurelia.

Safari ya kwanza ilikuwa siku ya Jumatano. Kasmiri alimwomba Makame apite kwa Aurelia na kumfikishia maneno. Hakuandika, alisema barua inaweza kuchomekwa mahali ikasahauliwa. Maneno yalikuwa haya: "Kilichoachia ni mtambaapanya. Sikuufunga. Uliniuliza, nikakucheka. Baadaye uliniuliza tena, nikasema uongo. Baba yako." Makame aliyarudia mbele yake mara tatu, kama mtoto wa katekisimu.

Gari, likiwa na mpunga, lilipita Sanje siku ile ile, likashusha Kilosa, na Ijumaa Makame akampakia habari mwenye lori la chumvi aliyekuwa akitangulia kuja Ifakara. Mtu huyo alimkuta Kasmiri kwenye duka la Haidari.

"Dereva anasema hivi: alimkuta binti anapepeta mpunga. Akamwambia yote. Binti hakusimama, aliendelea kupepeta. Alipomaliza ungo ule akauliza, gari linarudi lini? Akaambiwa Jumamosi. Akauliza, litakuwa na mzigo juu? Akaambiwa hapana, litakuwa tupu. Basi."

"Hakusema atapanda?"

"Hakusema."

"Hakusema hatapanda?"

"Mzee wangu, nimekuambia, alisema hayo tu."

Jumamosi Apolonia aliamka akachinja kuku. Kasmiri alipomwambia asimchinje, kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa. Hakula. Alitembea hadi daraja la mto Lumemo, akasimama upande ambao madirisha ya kushoto yangempita, mahali ambapo mtu hawezi kukosea. Alikuwa na hakika kwamba hatakuja. Mguu mfupi, mtoto asiyezaliwa, miezi tisa. Maneno machache ya dereva hayawezi kuinua uzito huo. Alijiambia hivyo saa tatu, akajiambia tena saa tano. Lakini hakuondoka. Jua lilipokuwa utosini mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukasukuma, haukukuta kitu, ukabaki hewani.

Vumbi lilionekana kwanza, mbali, nyuma ya matete. Kisha injini, ikibadilisha sauti ilipoanza kuteremka kwenda mtoni. Kisha sauti ya Makame, ndefu, inayojulikana bonde zima:

"Shikeni mtambaapanya!"

Ndani ya vumbi mikono iliinuka pamoja, mingi, na kutoka pale aliposimama Kasmiri alikuwa bado hawezi kuona ni ya nani. Alianza kuyahesabu madirisha, akingoja la tatu.